"Sina Imani Naye": Seneta na Waziri wa Ulinzi wa Chama Kimoja

Walio darasani na wasogee karibu na redio, na mwalimu aandike ubaoni maneno matatu: seneta, waziri, imani. Na wewe unayelisoma somo hili katika karatasi, usiwe na haraka. Ukikuta neno gumu, rudi nyuma mstari mmoja. Mara nyingi maana yake imekwisha tajwa.

Somo letu la leo linatoka Marekani. Siku ya Jumatatu, tarehe 13 Desemba 2004, mwandishi wa habari alimwuliza John McCain, seneta wa jimbo la Arizona, kama ana imani na Waziri wa Ulinzi, Donald Rumsfeld. McCain akajibu kwamba alikwisha kuulizwa swali hilo zamani akasema la, na jibu lake bado ni la. Hana imani naye.

Huenda wewe ukasema, "Basi kuna nini hapo? Watu wa siasa husemana kila siku." Kweli, husemana. Lakini tazama vizuri. McCain alikuwa mtu wa Chama cha Republican, na Rumsfeld naye alikuwa wa chama hicho hicho. Rais George W. Bush, aliyemteua Rumsfeld, ndiye aliyekuwa kiongozi wa chama, na wiki sita tu zilikuwa zimepita tangu achaguliwe mara ya pili, tarehe 2 Novemba. McCain mwenyewe alikuwa amemwombea kura. Tena nchi ilikuwa vitani. Mtu wa namna hiyo akisema hadharani juu ya mkuu wa mambo ya vita, "Sina imani naye," hayo si mazungumzo ya kupoteza wakati barazani.

Kwanza tuwajue watu hawa kwa kazi zao. Marekani ina majimbo 50. Kila jimbo, liwe kubwa kama Texas au dogo kama Rhode Island, hupeleka maseneta wawili katika Seneti, kwa hiyo maseneta wote ni 100. Kila mmoja huchaguliwa na wananchi wa jimbo lake, naye hukaa miaka 6. Seneti ni moja ya mabaraza mawili ya bunge lao. La pili ni Baraza la Wawakilishi. Waziri wa Ulinzi hachaguliwi na wananchi. Rais humtaja, kisha jina lake hupelekwa katika Seneti, na maseneta humhoji na kupiga kura, kumkubali au kumkataa. Akikubaliwa, yeye yu chini ya Rais, na majemadari wote wako chini yake.

Hapo pana jambo linaloweza kutuchanganya sisi wa huku. Hapa Tanzania waziri hutoka katika wabunge. Anaketi Bungeni pamoja nao. Katiba ya Marekani hairuhusu hivyo. Mtu hawezi kuwa seneta na waziri kwa wakati mmoja. Akiutaka uwaziri, hana budi auache useneta. Ndugu zetu wa Kenya nao waliweka kanuni kama hiyo katika katiba yao ya mwaka 2010. Kwa sababu hiyo seneta wa Marekani hakai karibu na waziri, wala hangojei cheo kutoka kwake. Na akiingia kazini anaapa kuilinda katiba. Katika kiapo chake neno "chama" halimo.

Lakini Seneti ikimkwisha kumkubali waziri, haina uwezo wa kumwondoa eti kwa kuwa haina imani naye. Rais ndiye mwenye kumwondoa. Iko njia nyingine moja, nayo ni kumshtaki waziri kwa makosa makubwa: Baraza la Wawakilishi hushtaki, Seneti huhukumu, na kumtia hatiani kunataka theluthi mbili ya kura. Ni njia nyembamba sana. Mwaka 1876 Waziri wa Vita wa siku hizo, William Belknap, alishtakiwa hivyo kwa habari ya rushwa. Alikimbilia kujiuzulu kabla hawajapiga kura ya kumshtaki. Wakamhukumu vivyo hivyo, na kura hazikufika theluthi mbili. Basi McCain alijua ya kuwa maneno yake hayana nguvu ya kumwondoa Rumsfeld katika kiti chake hata kwa siku moja. Likumbuke hilo, maana tutalirudia.

Sasa tuje kwa watu wenyewe. Rumsfeld alizaliwa mwaka 1932, akawa rubani wa jeshi la majini, kisha akaingia katika Baraza la Wawakilishi. Alikuwa Waziri wa Ulinzi mara mbili: kwanza tangu 1975 hata 1977, wakati wa Rais Ford, kisha tangu 2001 kwa Rais Bush. Alikuwa mwepesi wa akili na mwepesi wa ulimi, tena hapendi ubishi wa majemadari. McCain alizaliwa mwaka 1936. Baba yake na babu yake walikuwa maadmirali. Yeye naye alikuwa rubani wa jeshi la majini, na tarehe 26 Oktoba 1967 ndege yake iliangushwa juu ya mji wa Hanoi, katika vita vya Vietnam. Alivunjika mikono yote miwili na mguu. Alikaa kifungoni miaka mitano na nusu, akateswa, akafunguliwa mwezi wa Machi 1973. Aliingia katika Seneti mwaka 1987. Katika Seneti alikuwa katika Kamati ya Majeshi, yaani ile kamati inayomhoji Waziri wa Ulinzi na kuangalia matumizi ya jeshi. Basi mtu huyu alipozungumza juu ya askari, hata adui zake walimsikiliza.

Vita vyenyewe ni vya Iraq. Vilianza mwezi wa Machi 2003. Serikali ya Marekani ilisema kwamba mtawala wa Iraq, Saddam Hussein, ana silaha za maangamizi. Silaha hizo zilitafutwa baadaye, na akiba yake haikuonekana. Mwezi wa Oktoba 2002 maseneta 77 walikuwa wamepiga kura ya kumruhusu Rais kupigana, na 23 walikataa. McCain alikuwa katika wale 77. Tusilifiche jambo hili. Yeye hakuwa mtu wa kupinga vita, alivitaka. Ugomvi wake na Rumsfeld ulikuwa juu ya namna ya kupigana, na zaidi ya yote juu ya hesabu ya askari.

Rumsfeld aliamini kwamba jeshi la siku hizi lapaswa kuwa dogo, jepesi, lenye mwendo wa haraka. Alikuwa na ushahidi wake. Mwishoni mwa mwaka 2001 askari wachache wa Marekani, wengine wakiwa juu ya farasi, walishirikiana na wapiganaji wa huko Afghanistan na ndege za kutupa mabomu, wakauangusha utawala wa Taliban katika muda wa majuma machache. Mtu aliyeona hayo si ajabu akifikiri kwamba amepata dawa ya vita vyote.

Wengine hawakukubali. Tarehe 25 Februari 2003, kabla vita havijaanza, mkuu wa jeshi la nchi kavu, Jemadari Eric Shinseki, aliulizwa mbele ya Kamati ya Majeshi ya Seneti ni askari wangapi watakaohitajiwa kuilinda Iraq baada ya kuishinda. Akajibu: yapata laki kadhaa. Siku mbili baadaye naibu wa Rumsfeld, Paul Wolfowitz, akaliambia Baraza la Wawakilishi kwamba makadirio hayo yako mbali kabisa na ukweli. Shinseki alistaafu mwezi wa Juni mwaka huo, muda wake ulipokwisha.

Sasa sikiliza jinsi jambo moja lilivyozaa jingine, maana hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Kuishinda serikali ya Saddam hakukuchukua siku nyingi. Baghdad ilianguka tarehe 9 Aprili 2003. Lakini kuuteka mji ni kazi moja, na kuulinda ni kazi nyingine. Kuuteka kunataka watu hodari. Kuulinda kunataka watu wengi. Askari wa Marekani hawakutosha kusimama katika kila njia panda, kila benki, kila hospitali. Watu wakaanza kupora. Rumsfeld alipoulizwa juu ya uporaji huo alijibu kwa wepesi kwamba mambo hutokea, na kwamba watu huru wana uhuru wa kukosa.

Waliopora hawakuchukua viti na taa tu. Jeshi la Saddam lilikuwa na maghala makubwa ya silaha nchi nzima, na mengi hayakuwa na mlinzi. Makombora ya mizinga yakabebwa usiku na mchana. Mwezi wa Mei mkuu wa utawala wa Marekani huko Baghdad akatoa amri ya kulivunja jeshi la Iraq. Hapo watu laki kadhaa, wajuao silaha, wakawa hawana kazi wala mshahara. Weka pamoja vitu hivyo viwili, watu wenye hasira na makombora yasiyo na mwenyewe, nawe utaona kilichofuata: mabomu ya kutegwa kando ya barabara. Kombora la mzinga hufukiwa katika mchanga au hufichwa chini ya takataka, huunganishwa na waya au na simu ya mkononi, na gari la askari likipita mtu hubonyeza.

Magari yenyewe yalikuwaje? Gari la kawaida la jeshi la Marekani, liitwalo Humvee, halikutengenezwa kwa vita vya namna hiyo. Lilitengenezwa kwa kubeba watu na mizigo nyuma ya mstari wa mapigano. Mengi hayakuwa na deraya, yaani yale mabamba mazito ya chuma yazuiayo risasi na vipande vya bomu, na mengine milango yake ilikuwa ya turubai. Ukikaa ndani yake, kati ya mwili wako na bomu pana kitambaa.

McCain alikwenda Iraq mwezi wa Agosti 2003, akarudi na kusema kwamba askari hawatoshi. Mwezi wa Novemba mwaka huo alitaka iongezwe walau divisheni moja nzima. Wala hakutaka hesabu tupu; alitaka watu wa kazi maalumu: wajuao lugha ya nchi, askari wa vikosi maalumu, na watu wa kushughulika na mambo ya raia. Wizara ikajibu kwamba majemadari wa huko Iraq hawakuomba watu zaidi. Jibu hilo lina utata wake. Mkubwa asiyependa kuombwa mara nyingi ataona watu hawaombi.

Mwezi wa Aprili 2004 likatokea jambo la aibu. Picha zilionyeshwa za wafungwa wa Iraq wakidhalilishwa na walinzi wa Marekani katika gereza la Abu Ghraib. Tarehe 7 Mei Rumsfeld aliitwa mbele ya Kamati ya Majeshi ya Seneti. McCain, ambaye mwili wake ulikuwa bado na alama za kifungo chake (hata mwisho wa maisha yake hakuweza kuinua mikono kuchana nywele), alimwuliza swali jepesi kulitamka: nani alikuwa na amri juu ya mahojiano ya wafungwa wale? Rumsfeld akaanza kueleza kwa mzunguko. McCain akamkatiza na kulirudia swali lile lile. Rumsfeld baadaye alisema kwamba alimpa Rais barua ya kujiuzulu mara mbili katika siku hizo, na Rais akaikataa.

Twende Kuwait, ambako kuna kambi walikokusanyika askari wa Marekani kabla ya kuvuka mpaka kuingia Iraq. Tarehe 8 Desemba 2004 Rumsfeld alikwenda huko kuzungumza na askari zaidi ya 2,000, akawaruhusu kumwuliza maswali. Askari mmoja wa jimbo la Tennessee akasimama. Akauliza kwa nini wao askari inawabidi kuchimba katika majalala ya huko, kutafuta vyuma chakavu na vioo vizito vilivyotupwa, ili wayawekee magari yao deraya.

Wenzake wakapiga makofi na kelele. Rumsfeld akamwomba alirudie swali. Kisha akajibu kwamba mtu huenda vitani na jeshi alilo nalo, si na jeshi ambalo angelipenda kuwa nalo baadaye. Akaongeza ya kuwa shida si fedha, ila ni uwezo wa viwanda. Na kwamba hata kifaru chenye deraya chaweza kulipuliwa.

Baadaye ilijulikana kwamba mwandishi wa gazeti aliyesafiri na kikosi hicho alimsaidia askari yule kulitunga swali. Waliomtetea waziri walilishika sana jambo hilo. Mimi naona halipunguzi kitu. Mwandishi aweza kumpa mtu maneno, lakini hawezi kuwapa askari 2,000 makofi. Na kuhusu viwanda, kampuni iliyokuwa ikiweka deraya katika magari yale ilisema, siku chache tu baada ya jibu la waziri, kwamba yaweza kupandisha kazi yake toka magari 450 kwa mwezi mpaka 550. Jeshi likaagiza hayo ya ziada.

Siku tano baada ya mkutano wa Kuwait ndipo McCain alipotamka yale maneno tuliyoanza nayo. Kufikia siku hiyo Wamarekani zaidi ya 1,200 walikuwa wamekufa katika vita vile, na watu wa Iraq waliokufa walikuwa wengi zaidi kuliko hao.

Sasa fungua masikio, maana yale ambayo McCain hakuyasema yana uzito kama yale aliyoyasema. Aliulizwa kama Rumsfeld ajiuzulu. Hakusema ajiuzulu. Alisema Rais anayo haki ya kuwa na watu awatakao katika kazi yake. Aliulizwa kama Rumsfeld amekuwa mzigo kwa serikali. Akajibu kwamba hilo ni la Rais kuliamua, si lake yeye.

Yatenge maneno hayo mafungu mawili. Imani ni mali ya mtu mwenyewe. Hakuna awezaye kukuamuru uwe nayo, wala chama hakiwezi kukupa kama posho. Kwa hiyo McCain, alipoulizwa, alijibu kwa lililo lake. Lakini kumwondoa waziri ni haki ya Rais, na hakuigusa. Wengine walimcheka: "Huna imani naye, wala hutaki aondoke, maana yake nini?" Mimi sioni kuwa ni mchezo wa maneno. Lau angalisema "aondoke," mjadala ungaligeuka mara moja kuwa mashindano ya nguvu kati ya seneta na Rais wa chama chake, na wanachama wangalijipanga huku na huku kama watazamaji wa mpira. Deraya ingalisahauliwa. Kwa kusema "sina imani" na kunyamaza hapo, aliliacha swali juu ya meza mahali lilipokuwa: askari hawatoshi, na vifaa havitoshi.

Katika chama maneno kama hayo huwagawa watu. Mwanachama mmoja atasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Mwingine atamjibu, "Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Huyu amelala kitandani, mwacheni aseme." Siku zile maseneta wengine wa Republican nao walisema. Trent Lott wa Mississippi alisema hampendezwi na Rumsfeld na kwamba afaa kubadilishwa katika mwaka ujao. Susan Collins wa Maine alimwandikia barua kudai maelezo ya deraya. Chuck Hagel wa Nebraska, ambaye kama McCain alipigana Vietnam, naye alimlaumu vikali. Juma hilo hilo ikajulikana ya kuwa barua za rambirambi zilizopelekwa kwa wazazi na wake wa askari waliouawa hazikutiwa sahihi kwa mkono wa waziri, bali kwa mashine. Rumsfeld akaahidi kwamba tangu hapo atazitia sahihi mwenyewe. Kati ya habari zote za mwezi ule, sidhani kama ipo iliyowauma wananchi wa kawaida kuliko hii. Mtu asiyejua hesabu ya divisheni anajua sahihi ni nini.

Kwa upande mwingine, wapo waliosema kwamba McCain anautafuta urais. Ni kweli alishindana na Bush mwaka 2000 ndani ya chama akashindwa, na mwaka 2008 aligombea tena, akawa mgombea wa chama, akashindwa na Barack Obama. Tamaa haikosi katika siasa. Lakini kumsema waziri wa Rais wa chama chako siku ambazo Rais ametoka kushinda si njia ya kawaida ya kuwapendeza wenye kupiga kura za chama.

Je, maneno yalifanya nini? Kwa macho ya juu juu, hayakufanya kitu. Rais Bush alimsifu Rumsfeld mbele ya waandishi kabla ya Krismasi, na Rumsfeld akabaki katika kiti chake. Lakini chini yake mambo yalikuwa yakisogea. Mambo mawili yanafaa kutajwa. La kwanza ni la mwaka 2005. McCain alileta katika Seneti sharti la kukataza mateso na ukatili kwa wafungwa walio mikononi mwa Marekani. Serikali ya chama chake ililipinga. Tarehe 5 Oktoba maseneta 90 walilikubali, 9 wakalikataa. Yaani Republican wengi kabisa waliipinga serikali yao wenyewe kwa kura, na hiyo ni silaha ambayo seneta anayo. La pili ni la mwaka 2006, wakati majemadari kadhaa waliostaafu walipojitokeza wakidai Rumsfeld aondoke. Rais akajibu kwamba mwenye kuamua ni yeye.

Naye alikuwa akisema kweli. Mwenye kuamua alikuwa yeye. Hata tarehe 7 Novemba 2006 wananchi wakapiga kura, na Chama cha Republican kikapoteza mabaraza yote mawili ya bunge. Kesho yake, tarehe 8, Rais akatangaza kwamba Rumsfeld anaondoka. Aliyemfuata, Robert Gates, alikubaliwa na Seneti kwa kura 95 dhidi ya 2. Mwezi wa Januari 2007 Rais akatangaza kupeleka askari zaidi ya 20,000 kuongeza nguvu Iraq. Hilo ndilo jambo ambalo McCain alikuwa akilidai tangu 2003. Mauaji yalipungua sana katika miaka iliyofuata, ijapokuwa wataalamu hubishana hata leo ni kiasi gani kilitokana na askari wale, na ni kiasi gani kilitokana na makabila ya Wasuni yaliyogeuka kuwapiga al-Qaeda.

Siku Rumsfeld alipoondoka, McCain alisema kwamba walikuwa na tofauti zao, lakini Wamarekani wanapaswa kumheshimu na kumshukuru kwa miaka yake mingi ya kazi. Miezi mitatu baadaye, mwezi wa Februari 2007, akiwa South Carolina kutafuta kura za urais, alisema Rumsfeld ataingia katika historia kama mmoja wa mawaziri wa ulinzi wabaya kabisa. Kauli hizo mbili hazikai vizuri pamoja. Ya kwanza ni ya mwungwana anayeaga. Ya pili ni ya mgombea. Mimi binafsi naipenda zaidi ile ya mwaka 2004, iliyosemwa wakati waziri alikuwa bado ana nguvu zake zote.

Mambo yaligeuka hata kwa Hagel. Mwaka 2013 Rais Obama, wa Chama cha Democrat, alimteua Hagel, mtu wa Republican, kuwa Waziri wa Ulinzi. Akaitwa mbele ya ile ile Kamati ya Majeshi, na aliyemhoji kwa ukali akimtaka ajibu ndiyo au siyo alikuwa rafiki yake wa zamani, John McCain, kwa sababu Hagel aliwahi kuipinga ile nyongeza ya askari ya 2007. McCain akapiga kura ya kumkataa. Hagel akakubaliwa kwa kura 58 dhidi ya 41.

Rumsfeld aliandika kitabu cha maisha yake mwaka 2011 na kumlaumu McCain ndani yake. Alikufa mwaka 2021. McCain alikufa tarehe 25 Agosti 2018. Katika kitabu chake cha mwisho, kilichotoka mwaka huo huo, aliandika kwamba vita vya Iraq vilikuwa kosa, tena kosa kubwa, na kwamba yeye naye lazima achukue sehemu yake ya lawama.

Sasa kazi ya darasa. Mwalimu na awagawe watu makundi mawili. Kundi la kwanza lisome tena swali la askari wa Tennessee na jibu la waziri. Kundi la pili lisome majibu ya McCain ya tarehe 13 Desemba 2004. Kisha mzungumze juu ya swali hili: kama ungekuwa seneta, nawe ni mtu wa chama kile, ungejibu nini siku ile, na kwa nini? Wanaoweza kuandika waandike majibu yao kwa mistari sita au saba. Wasioweza bado wayaseme, na jirani awaandikie.